Nasifu kila Jumapili, mbona moyo mkavu?

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina duka la vitambaa, na naimba katika timu ya sifa kanisani. Mkesha wa Ijumaa sikosi, fungu la kumi natoa. Zamani tukianza kuabudu nilibubujika machozi, lakini tangu Pasaka naimba mdomo tu. Wenzangu wengine wananishauri nifunge siku saba, wengine wanasema nihamie kanisa lenye moto. Biashara nayo imeyumba. Dada wa kazi ananidai mishahara ya miezi mitatu, maana nilitanguliza ahadi yangu ya ujenzi wa kanisa. Juzi aliomba nauli akamwone mama yake mgonjwa, nikamwambia avumilie, Mungu atafungua mlango. Nifanyeje nirudi kwenye ibada ya kweli?

Msomaji, Morogoro

Mwanangu, swali lako ni la machozi, lakini mimi nimekwama kwa huyo dada. Mlango aliobisha ni wako.

Sisemi Mungu anakuadhibu. Moyo hukauka hata kwa uchovu na mawazo ya madeni, na machozi hayajawahi kuwa kipimo cha ibada. Ila usifunge hizo siku saba kabla hujasoma Isaya 58. Watu wale walifunga, wakalalamika kwamba Mungu hawaoni, wakajibiwa kwamba siku ileile ya mfungo walikuwa wakiwakandamiza wafanyakazi wao. Malaki 3:10, mstari wa zaka, umeusikia mara nyingi wakati wa sadaka. Rudi nyuma hadi mstari wa 5: Mungu anasema atashuhudia dhidi ya wanaomwonea mtu wa mshahara. Kumbukumbu la Torati 24 inataka kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake uko kwenye ujira huo.

Kuhusu kuhama, kumbuka yule mwanamke Msamaria wa Yohana 4. Aliuliza mahali pa kuabudia, mlimani au Yerusalemu. Yesu akamwambia Baba anawatafuta wanaomwabudu katika roho na kweli. Na kweli yako, mwanangu, ni hii: ukiwa mkeshani, dada huyo ndiye anayelala na wanao. Sare unayoimbia Jumapili ameipiga pasi yeye. Ibada yako inasimama juu ya jasho lake, na jasho hilo hujalilipia.

Sasa fanya hivi. Leo hii mpe nauli aende kwa mama yake, na siku za safari usimkate mshahara. Kabla hajaondoka, keti naye, andikeni deni lote kwenye daftari pamoja na tarehe za kulipa, kila mmoja abaki na nakala. Muombe radhi kwa maneno ya kawaida, bila kumhubiria. Kisha mwone mchungaji wako, mweleze kwamba ahadi ya ujenzi itachelewa kwa sababu unalipa mshahara wa mtu. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu mwenyewe anaruhusu sadaka isubiri madhabahuni hadi upatane na ndugu yako. Mchungaji mwema atakuelewa.

Timu ya sifa usiiache. Kuimba ni kwema, na Mungu anapenda kusifiwa. Ila usijichunguze tena kama machozi yanatoka. Paulo, katika Warumi 12:1, anataka tumtolee Mungu miili yetu, yaani maisha yote: dukani, jikoni, na siku ya mshahara.

Na wewe msomaji mwingine mwenye mfanyakazi nyumbani, usingoje kuandikiwa barua yako. Kama mwezi umekwisha na hajalipwa, mlipe kwanza, ndipo uende ukaabudu.