Mwili Uliozoea Amri: Somo la Yoga kwa Askari wa Zamani



Hapa Kolwezi askari wa zamani si mgeni. Kuna wazee waliopigana katika vita ya siku 80 mwaka wa 1977 na vita ya siku sita mwezi wa Mei 1978, wengine upande wa Tigre waliotoka Angola, wengine upande wa jeshi la Zaire. Kuna waliochukuliwa wakiwa kadogo mwaka wa 1996 na 1997, wakatembea kwa miguu hadi vita ikaisha. Kuna waliotoka porini upande wa Mitwaba, Manono na Pweto. Leo utawakuta wakilinda depo usiku, au wakichimba shaba na kobalti pamoja na vijana ambao hawajui lolote juu yao.

Serikali iliwahi kuwatafutia njia ya kurudi nyumbani. Mpango wa taifa ulioendeshwa na CONADER kuanzia mwaka wa 2004 ulimpa aliyeweka silaha chini dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Mpango wa sasa, P-DDRCS, uliundwa mwezi wa Julai 2021. Pesa ina kazi yake, hatuidharau. Lakini pesa haimrudishii mtu usingizi, na mama anayelala naye ndiye anayejua usiku wake ulivyo.

Somo hili ni kwa yule anayetaka kuwaongoza watu hao katika mazoezi ya yoga. Si lazima awe bingwa wa viungo. Lazima ajue jambo moja, nalo tutalieleza kwa urefu.

Kwanza, kwa nini mwili

Tunaishi kando ya mashimo: Mashamba, KOV, Musonoi. Baruti inapolipuka shimoni, mama anayesonga bukari haachi mwiko wake, maana ameshazoea. Askari wa zamani amekwisha kulala chini kabla hajajua amefanya nini. Hajaamua kuogopa. Akili yake inajua ni kazi ya mgodi, na saa yenyewe anaijua, lakini mwili haukungoja akili. Moyo unakimbia, mikono inatoka jasho, na kwa muda mrefu baadaye mtoto akiangusha sahani anaweza kupigwa.

Hicho ndicho kiwewe: hatari imepita zamani, lakini mwili bado uko kwenye zamu. Ndiyo sababu maneno peke yake mara nyingine hayafiki. Unaweza kumwambia mtu "vita imeisha" mara mia, naye akakubali mara mia.

Nchini Marekani, katika mji wa Brookline, mwalimu David Emerson na daktari Bessel van der Kolk walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutengeneza yoga inayofaa watu wa namna hiyo. Mwaka wa 2014 walitangaza jaribio lao kwa wanawake 64 waliokuwa na kiwewe cha miaka mingi na ambao matibabu mengine hayakuwasaidia vya kutosha. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa wiki, kwa wiki 10. Kundi lingine lilipewa mafundisho ya afya. Mwishoni, wanawake 16 kati ya 31 wa kundi la yoga hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa huo. Katika kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Mwaka wa 2023 likatangazwa jaribio lingine, la wanawake 131 waliokuwa askari wa Marekani na waliotendewa ukatili wa kingono jeshini. Yoga hiyo iliwasaidia sawa na matibabu ya mazungumzo yanayosifiwa sana huko, na waliofika mwisho wa mafunzo walikuwa wengi zaidi upande wa yoga.

Karibu nasi, mjini Kigali, shirika la Project Air liliwafundisha yoga wanawake waliobakwa wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 na kuambukizwa virusi vya SIDA. Wanaume wa kwetu watasema: basi hayo ni mambo ya wanawake. Wajibuni kwamba moyo unaokimbia usiku hauulizi kama wewe ni papa au mama.

Jambo moja ambalo mwalimu lazima alijue

Askari ni mtu ambaye mwili wake ulikuwa mali ya amri. Aliambiwa simama, akasimama, lala, akalala, piga, akapiga. Kadogo aliambiwa hayo kabla hajaota ndevu. Na aliyebakwa au kuteswa alichukuliwa mwili wake kwa nguvu. Kwa hiyo mwalimu akija na filimbi, akawapanga mistari na kuhesabu "moja, mbili, moja, mbili", amewarudisha kambini, hata kama mazoezi yenyewe ni mazuri.

Yoga tunayoisema hapa inakwenda kinyume. Mwalimu haamuru, anakaribisha. Hasemi "Inua mikono!" Anasema: "Ukipenda, unaweza kuinua mkono mmoja, au yote miwili, au uiache mapajani, na usikilize bega lako linasema nini." Kila zoezi liwe na njia mbili au tatu, na kutofanya kitu iwe njia mojawapo, tena yenye heshima sawa na nyingine. Mtu aliyeshusha mkono kwa sababu bega limechoka amefanya zoezi lenyewe: amesikia mwili wake, akaamua, na hakuna aliyempigia kelele. Kwa wengine huo ni uamuzi wa kwanza wa namna hiyo tangu siku waliyovaa sare.

Angalieni pia lugha. Katika jeshi letu, tangu enzi za Force Publique, amri zilitolewa kwa Kilingala. Tumieni Kiswahili cha nyumbani, kile cha Kolwezi, kwa sauti ya mtu anayezungumza na yaya yake. Mzee aitwe papa, si kwa cheo alichokuwa nacho, hata kama yeye mwenyewe anakipenda.

Namna ya kuongoza

Tafuteni mahali penye mlango unaoonekana na kila mtu, na usifungwe kwa komeo. Ulizeni mapema saa za kulipua baruti, na siku ya kulipua waambieni watu kabla. Tumieni viti au mabenchi, kwa kuwa wengine wana vyuma mwilini, wengine hawana mguu, na wengi hawawezi kulala chali mbele ya watu. Mwalimu akae mbele, asipite nyuma ya migongo ya watu. Asimguse mtu kumrekebisha, hata kwa upole. Asiwalazimishe kufumba macho. Kutazama sakafu kunatosha.

Kuhusu pumzi: kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kidogo kuliko kuivuta, kunatuliza mapigo ya moyo. Lakini msiwaambie wabane pumzi. Kuna waliojificha majanini wakibana pumzi ili wasisikiwe, na kifua kinakumbuka. Mtu akiona kusikiliza pumzi kunamletea hofu, asikilize nyayo zake zinavyokanyaga ardhi.

Dakika 30 zinatosha mwanzoni, asubuhi kabla ya kwenda kuchimba. Msimfanyishe mazoezi mtu asiyekula tangu jana. Mpeni chai kwanza. Wanawake waliokuwa katika vikundi vya silaha wapewe saa yao na mwalimu mwanamke.

Wala msiwaombe wasimulie walichofanya au walichofanyiwa. Mtu akianza kutetemeka au macho yake yakaenda mbali, mwalimu amwite jina lake kwa sauti ya kawaida, amwombe ataje vitu vitatu anavyoviona, na amkumbushe kwamba anaweza kutoka nje. Anayesema anataka kujiua au kuua mtu, yoga haimtoshi. Asiachwe peke yake. Asindikizwe hospitali ya Mwangeji, au Lubumbashi kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Upendo.

Mambo mawili yatakayowasumbua viongozi

La kwanza ni kanisa. Yoga ilitoka India, na kwa wengi huko ni sehemu ya dini. Msilifiche hilo, maana mchungaji atalisikia redioni na kusema mmewadanganya waumini. Mwiteni aje akae, aone kwamba hakuna sala wala sanamu, ila viti, pumzi na mabega. Asiyetaka jina hilo aite mazoezi ya pumzi.

La pili ni zito zaidi. Familia iliyokimbia Mitwaba au Pweto wakati vijiji vilipochomwa itauliza: kwa nini waliotuchomea nyumba wafundishwe kupumua, na sisi tupate nini? Waliofukuzwa Kolwezi mwaka wa 1993 kwa sababu asili yao ni Kasai, wakangoja treni stesheni majuma mengi, nao wana haki ya kuuliza. Hatuoni jibu lingine ila hili: mazoezi haya hayafuti kosa la mtu, na mahakama ibaki na kazi yake. Na kikundi kisianze kwa askari peke yao. Familia zilizohama zipewe saa yao, kwenye benchi zilezile, na mwalimu aliyefunzwa vilevile. Msiwaketishe pamoja mpaka pande zote mbili zitake zenyewe, na ikiwa hazitaki kamwe, mipango miwili iendelee.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Katika kartie yenu, mlipuko wa mgodi unasikika saa ngapi, na nani anaweza kuwajulisha watu kabla?

Semeni upya amri hizi kama mwaliko, kwa Kiswahili mnachotumia nyumbani: "Simama!" "Nyoosha mgongo!" "Usisogee!"

Papa mmoja amekuja mara nne. Kila mara ameketi karibu na mlango, hakuinua hata kidole, kisha akaondoka. Je, mtamwandika katika orodha ya waliofanya mazoezi? Kwa nini?