SOMO LA TEHAMA: Kumwondoa Mtumiaji Ambaye Bado Ana Haki katika Kanzidata

Mtumishi anapohamishwa hukabidhi funguo za ofisi, mhuri na mafaili. Jina lake ndani ya kanzidata, hata hivyo, husahaulika kwa urahisi. Akiwa mkoa mwingine kabisa, bado anaweza kusoma, pengine hata kubadilisha, kumbukumbu za ankara za maji za wananchi.

Tuchukue mfano wa PostgreSQL, programu ya kanzidata itumikayo bila malipo. Msimamizi akiandika DROP ROLE karani_maji. Mfumo hukataa na kueleza kwamba vipo vitu vinavyomtegemea mtumiaji huyo. Wapo wanaokerwa na ujumbe huo. Kwa maoni yangu, ni kinga: huenda karani ndiye mmiliki wa majedwali yanayotumika kila siku, na kumfuta kungeyaacha bila mwenyewe.

Kwanza, mlango ufungwe kwa ALTER ROLE karani_maji NOLOGIN. Amri hii huzuia kuingia upya tu. Aliyekwisha kuingia hubaki ndani mpaka muunganisho wake ukatwe. Nakala rudufu ya kanzidata ichukuliwe kabla ya kuendelea.

Kisha umiliki uhamishwe: REASSIGN OWNED BY karani_maji TO msimamizi_maji, Majedwali sasa yana mwenyewe mpya, lakini haki ambazo karani alipewa juu ya majedwali ya wengine zingalipo. Hizo huondolewa kwa DROP OWNED BY karani_maji. Na hapa ndipo penye hatari. Amri hiyo hufuta pia kila kitu ambacho karani bado anakimiliki. Ikitolewa kabla ya umiliki kuhamishwa, majedwali hupotea pamoja na kumbukumbu za malipo, na mwananchi aliyekwisha kulipa ataambiwa kuwa anadaiwa.

Amri hizo mbili hugusa vitu vya kanzidata iliyofunguliwa wakati huo, hivyo zirudiwe katika kila kanzidata ambamo karani ana mali au haki. Baada ya hapo DROP ROLE itakubaliwa.

Wanaotumia MySQL wana kazi nyepesi zaidi, kwa kuwa DROP USER huondoa jina pamoja na haki zake. Hata huko, muunganisho uliokuwa wazi huendelea hadi ufungwe.

Wakuu wa idara wanaombwa kukitaarifu Kitengo cha TEHAMA siku ileile mtumishi anapopokea barua ya uhamisho.