SOMO LA TAWI: "BEI IMEANGUKA MOMBASA" – TUJIFUNZE KUSOMA HABARI ZA BIASHARA



Kila mara mkataba wa mishahara unapokaribia kwisha, neno moja husikika katika mashamba ya chai, kutoka Fort Portal mpaka Kericho: "Bei imeanguka Mombasa." Wajumbe wetu wengi wakilisikia neno hilo hunyamaza, kwa sababu hawana la kujibu. Pengine ni kweli, pengine si kweli, na mara nyingi ni nusu ya kweli. Somo la leo ni kumwezesha mjumbe wa tawi kulipima neno hilo mwenyewe, kama anavyoutazama mshale wa mizani majani yake yanapopimwa.

Kwetu Uganda jambo hili ni zito. Mshahara wa chini uliowekwa na serikali mwaka 1984 ulikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwa miaka zaidi ya 30 haukubadilishwa. Kwa hiyo ngao ya mchuma chai si kiwango hicho, bali ni mkataba unaofanywa kati ya chama na waajiri. Na mkataba mzuri haupatikani kwa kupiga meza tu. Hupatikana kwa hesabu.

Chemba ya biashara ni kitu gani?

Matajiri nao wana umoja wao. Chemba ya biashara ni chama cha wafanyabiashara na wenye viwanda. Ya kwanza duniani ilianzishwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1599. Huko Kenya, wakati wa ukoloni, Wazungu, Wahindi na Waafrika walikuwa na chemba zao mbalimbali. Mwaka 1965 zikaunganishwa kuwa chemba moja ya taifa. Tanzania ilianzisha ya kwake, ya biashara, viwanda na kilimo, mwaka 1988.

Kazi ya chemba ni kukusanya habari: bei za masoko, ushuru wa forodha, nauli za mizigo, wanunuzi wapya. Huwapa wanachama wake habari hizo, na huzungumza na serikali kwa niaba yao. Lakini tusichanganye mambo. Kwa kawaida chemba haipatani mishahara na sisi. Kazi hiyo ni ya shirikisho la waajiri. Hata hivyo mwajiri akija mezani, habari za chemba amekwisha kuzisoma.

Katika Afrika Mashariki nzima, wenye biashara waliunda baraza lao mwaka 1997. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimekwisha kuunda shirikisho lao tangu mwaka 1988. Wote wana ofisi Arusha. Sisi tulitangulia kuungana, basi tusikubali kuwa nyuma katika kusoma.

Mnada wa Mombasa

Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Tangu mwaka 1992 chai huuzwa hapo kwa dola za Marekani. Hufika chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Malawi na nchi nyingine. Tanzania ilianzisha mnada wake Dar es Salaam mwezi Novemba 2023.

Mwenye kiwanda hauzi mwenyewe. Chai yake hupelekwa ghalani, na dalali huiuza kwa mafungu. Kila fungu lina alama ya kiwanda na daraja la chai. Baada ya mnada wa kila juma, madalali hutoa taarifa ya soko, na magazeti huandika muhtasari wake. Taarifa hizo si siri ya nyumba ya tajiri.

Hesabu ya dola na shilingi

Sasa tushike kalamu. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Mchumaji akichuma kilo 45 kwa siku, ametoa kilo 10 za chai kavu. Tuchukue mfano, kwa ajili ya somo tu, kwamba bei mnadani ni dola 1 kwa kilo, na dola moja ni shilingi 3,700. Kilo zile 10 zitaleta dola 10, yaani shilingi 37,000.

Miezi inapita. Bei inaanguka mpaka senti 90 za dola. Tajiri anasema, "Tumepoteza sehemu 10 katika kila 100, hatuwezi kuongeza mshahara." Lakini tuseme wakati huo huo shilingi nayo imeshuka, dola moja imekuwa shilingi 4,000. Kilo 10 sasa zinaleta dola 9, na dola 9 ni shilingi 36,000. Zimepungua shilingi 1,000 tu katika 37,000, hazifiki hata sehemu 3 katika 100. Tajiri amesema kweli kwa dola, lakini mshahara wetu anaulipa kwa shilingi.

Tuwe waadilifu pia. Mbolea na mafuta ya lori hutoka nje, navyo hupanda shilingi inaposhuka. Kutoka Fort Portal hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,400 za barabara, na kuna ghala na ujira wa dalali wa kulipa. Tena shilingi ikipanda nguvu, mambo hugeuka: dola 9 zikibadilishwa kwa shilingi 3,400 zinaleta 30,600 tu. Mjumbe mzuri huhesabu pande zote mbili, ili asiumbuke mezani.

Mambo manne ya kuangalia katika taarifa

Kwanza, usitazame bei peke yake, tazama na kilo zilizouzwa. Mwezi Julai 2021 serikali ya Kenya iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya wakulima wadogo. Bei ikaonekana nzuri kwenye karatasi, lakini chai nyingi ilikosa mnunuzi ikalala ghalani, na mwaka 2024 bei hiyo iliondolewa. Chai iliyolala haimlipi mtu.

Pili, juma moja si mwaka. Mvua ikinyesha sana majani huwa mengi na bei hupenda kushuka; kiangazi majani ni haba na bei hupanda. Linganisha mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka jana. Tajiri akichagua juma baya kuliko yote, mjibu kwa majuma 52.

Tatu, tafuta sababu. Vita vilipoanza Sudan mwezi Aprili 2023, soko moja la chai yetu lilivurugika. Mwisho wa mwaka huo meli zilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu, na safari za mizigo zikawa ndefu na ghali. Sababu za namna hii mfanyakazi hakuzileta, wala hazimalizwi kwa kupunguza ujira wake.

Nne, tazama bei ya kiwanda chako, si ya nchi tu. Mnadani chai ya Rwanda kwa kawaida hupata bei ya juu kuliko ya Uganda, na uchumaji wa majani mawili na kichipukizi chake ni sababu mojawapo. Hapa mfanyakazi ana hoja yenye nguvu: chai nzuri huanzia katika vidole vya mchumaji. Tajiri akitaka uchumaji mzuri, mchumaji atajaza kikapu polepole zaidi. Basi ujira wa kila kilo hauna budi kupanda, ama sivyo faida yote ya ubora itabaki upande mmoja.

Kazi ya tawi

Kila tawi lichague wajumbe wawili wanaojua kusoma na kuhesabu. Wafungue daftari lenye mistari minne: tarehe ya mnada, bei ya wastani, kilo zilizouzwa na zilizobaki, na thamani ya dola kwa shilingi. Wajaze kila juma kutoka gazetini, au waombe ofisi ya chama iwapelekee taarifa. Ndugu zetu wa viwanda vya sukari, kahawa na nguo wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa bidhaa zao. Daftari la mwaka mmoja mezani lina nguvu kuliko maneno ya mchana kutwa.

Maswali ya kujadili

1. Kilo ngapi za majani mabichi huchumwa na mtu mmoja kwa siku katika shamba lenu, nazo hutoa kilo ngapi za chai kavu?
2. Katika majadiliano yaliyopita, mwajiri alitaja bei gani? Alitaja dola au shilingi?
3. Bei ilipopanda mara ya mwisho, ujira wenu ulipanda?

Swali la tatu lijibiwe kwa tarehe na tarakimu, liandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Umoja ni nguvu, na elimu ni silaha yake.