Chumba Kidogo cha Kulala, Nafasi ya Watu Wawili

Leo tukitazame chumba mnacholala. Katika nyumba nyingi za kupanga mjini chumba hicho ni futi 10 kwa futi 10, na kwa wengine hicho ndicho nyumba nzima. Kuta hamwezi kuzisukuma. Lakini mara nyingi kinachowabana si kuta. Kila kitu kisicho na mahali pake hupelekwa chumbani kwa baba na mama: gunia la mahindi lililotoka mashambani, sanduku lisilofungika, redio iliyoharibika, blanketi za wageni. Mwishowe mnalala katika stoo. Na watu wawili waliochoka, wanaoruka mizigo ili wakifikie kitanda, hawana hamu ya kuzungumza. Mmoja hugeukia ukuta, mwingine huzima taa.

Anzeni na kitanda, kwa maana ndicho kinachokula nafasi. Kitanda cha futi 5 kwa 6 huchukua futi 30 za mraba kati ya 100 mlizo nazo. Cha 6 kwa 6 huchukua 36. Muuzaji atawasifia kile kikubwa. Kataeni. Mkikiweka cha futi 5 katikati ya ukuta, hubaki futi mbili na nusu kila upande, na kila mmoja aweza kuamka usiku bila kumkanyaga mwenzake. Mkikisukuma kwenye kona, mtapata futi 5 za sakafu upande mmoja, na chumba kitaonekana kipana zaidi. Lakini atakayelala ukutani atamruka mwenzake kila alfajiri, na mara nyingi huyo ni mama, ambaye ndiye huamka kwanza! Ikiwa chumba hicho ndicho sebule pia, hamna budi kutumia kona. Basi anayeamka mapema alale upande wa nje.

Chini ya kitanda mna nafasi kubwa. Mwombeni seremala aongeze urefu wa miguu kidogo tu, kiasi cha masanduku kuingia yote na kufichwa na shuka.

Kisha tazameni mwanga. Kuta nyeupe au za rangi ya maziwa huurudisha chumbani; ile rangi nzito ya kijani au buluu huumeza. Kabati lisisimame mbele ya dirisha. Pazia litundikwe juu, karibu na dari, na fimbo yake ipite upana wa dirisha, ili likifunguliwa lisizibe hata kidogo. Kioo cha kujitazamia kikielekea dirisha, macho hudhani chumba kinaendelea mbele. Kalenda za miaka iliyopita zitoeni. Msalaba na picha ya harusi vyatosha ukutani. Chandarua msikiondoe kwa sababu ya nafasi. Kikunjeni juu kila asubuhi.

Mkilala chumba kimoja na watoto, pitisheni pazia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, lifike sakafuni, na mchana lifunguliwe lote. Hilo haliwapi faragha kamili. Hata hivyo, mtoto akijua kwamba upande ule ni wa baba na mama, hujifunza kubisha hodi hata penye kitambaa.

Kazi ngumu ni kupunguza vitu. Hapo ndipo ugomvi huanza, kwa maana bwana huona mizigo ya bibi na bibi huona magazeti ya bwana. Kila mmoja aanze na vyake mwenyewe, na asiguse vya mwenzake bila kuulizana. Hilo gunia, likiwa zima, lina kilo 90. Hakuna anayelisogeza ili kufagia, na panya wanajua hivyo. Mimineni mahindi katika madebe yenye vifuniko, myapange jikoni au chini ya meza.

Chagueni Jumamosi moja isiyo ya mvua. Toeni kila kitu nje isipokuwa kitanda, mfagie, kisha mrudishe kimoja kimoja mkikubaliana. Ambacho hakuna aliyekitumia tangu mwaka jana kisirudi. Kama kuna jirani anayekihitaji, apewe siku hiyo hiyo kabla ya giza kuingia.