Ufadhili wa masomo nje ya nchi: Safari huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Moja ya malalamiko yanayosikika sana miongoni mwa Waislamu ni kwamba nafasi za kusoma nje ya nchi hazitufikii. Husemwa kwamba matangazo hufichwa, kwamba nafasi hugawanwa kwa kujuana, na kwamba mtoto wa maskini wa Haneti au Kondoa hana wa kumshika mkono. Katika malalamiko hayo upo ukweli, na tutaurudia huko mbele. Lakini sisi tunaosomesha tunauona pia upande wa pili. Tangazo linafika, zimebaki siku kumi kabla ya kufungwa, na kijana mwenye akili nzuri hana cheti cha kuzaliwa, jina lake la shule halifanani na la madrasa, na hajawahi kuomba pasipoti. Siku kumi hazitoshi. Nafasi inapita, na sisi tunabaki kusema, haikuwa riziki yake.

Hebu tujiulize, je, ni kweli haikuwa riziki yake, au sisi wazazi, walimu na viongozi wa misikiti hatukumfungia mzigo wake mapema?

Kwanza tuelewe kwa nini tunataka vijana wetu wasafiri. Wapo wanaopenda kutaja ile kauli mashuhuri ya kutafuta elimu hata China, wakidhani ni hadithi sahihi. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha, na baadhi yao, akiwemo Ibn al-Jawzi, wameihesabu kuwa ya kutungwa. Hatuihitaji, kwani Qur'an inatutosha. Katika Surat Tawba, aya ya 122, Allah (s.w.) anawaelekeza waumini kwamba wasitoke wote, bali kutoka kila kundi itoke sehemu ikajifunze dini, kisha iwaonye watu wake itakaporejea. Tuzingatie mambo mawili katika mafunzo ya aya hii. Anayekwenda anakwenda kwa niaba ya wengine, na safari yake haijakamilika mpaka arudi awe na manufaa kwa watu wake. Kwa hiyo ufadhili ni amana. Na amana huandaliwa.

Majina matatu ya mtu mmoja

Maandalizi ya kwanza ni majina. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalowakwamisha wengi wetu kuliko wenzetu, kwa sababu majina yetu ya Kiarabu kila mwandishi huyaandika anavyoyasikia. Mtoto anaandikwa Hamisi kwenye kadi ya kliniki, Khamis kwenye cheti cha madrasa, na Hamis kwenye mtihani wa kidato cha nne. Baba yake ni Mohamedi huku na Muhammad kule. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja. Kwa karani wa chuo aliyeko Ankara au Madina, hao ni watu watatu.

Dawa yake ni kuanza mapema. Cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA kipatikane mtoto akiwa bado shule ya msingi, na jina lililomo humo ndilo liandikwe shuleni, NIDA, kwenye pasipoti na madrasa. Mwalimu wa madrasa anapoandika shahada ya mwanafunzi, aombe kwanza kukiona cheti hicho. Ikiwa makosa yamekwishatokea, hati ya kiapo mbele ya wakili inaweza kusaidia kueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, lakini kiapo hicho kitafutwe kabla ya tangazo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Surat Baqara, inahusu kuandikiana deni kwa uangalifu na kuweka mashahidi, na inatutaka tusichoke kuandika, jambo liwe dogo au kubwa. Umma uliopewa mafunzo hayo haupaswi kuwa umma usio na karatasi.

Pasipoti nayo isingojewe. Pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018 ada yake iliwekwa shilingi 150,000. Kwa mkulima wa uwele na alizeti wa nyanda zetu hizi, hiyo si fedha ya kutafuta kwa wiki moja.

Shahada isiyofungua mlango

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Kwa miaka mingi umekuwepo utaratibu wa kijana kuacha shule ya serikali mapema, akaingia mahad, akasoma mpaka thanawi, kisha akapata nafasi katika chuo cha Uarabuni. Anasoma miaka minne au zaidi, anarejea na shahada ya sharia au ya lugha ya Kiarabu, na elimu yake ni ya kweli. Lakini anapoomba ajira ya ualimu, au anapotaka kusoma shahada ya pili hapa nchini, anaulizwa cheti cha kidato cha nne na cha sita, naye hana. Mtu aliyesoma miaka kumi na tano anaonekana kwenye makaratasi kama hakusoma. Anaishia kudarasisha kwa sadaka za wazazi, na wadogo zake wanajifunza kutokana naye kwamba elimu ya dini hailipi. Hasara hiyo ni ya umma mzima.

Taratibu ziko wazi na hazikuwekwa kwa ajili ya Waislamu peke yao. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo yenye jukumu la kutambua shahada zilizopatikana nje. Baraza la Mitihani, NECTA, ndilo linalotoa ulinganifu wa vyeti vya sekondari vilivyopatikana nje. Anayekwenda kusoma shahada ya kwanza nje anatakiwa kupata TCU hati ya kutokuwa na pingamizi kabla hajaondoka, na anayetokea kidato cha sita hutazamwa kama ana prinsipo mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Ipo pia njia ya stashahada inayotambuliwa. Mwanafunzi akijua haya akiwa kidato cha pili, atapanga. Akiyajua akiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam akirejea, amechelewa.

Kwa hiyo nasaha yetu kwa wazazi ni hii: msimtoe mtoto shule ili asome dini, wala msimtoe madrasa ili asome shule. Kiarabu na Elimu ya Dini ya Kiislamu ni masomo yanayotahiniwa na NECTA. Kijana anaweza kubeba vyote viwili, na wamekuwepo waliovibeba. Sayyid Omar Abdallah wa Unguja, aliyejulikana kwa jina la Mwinyi Baraka, alikuwa mwanachuoni aliyekaa kwenye darsa za masheikh wa Zanzibar, akasoma Makerere, akaenda Uingereza kusoma London na Oxford, na akawa mkuu wa Muslim Academy kule Unguja. Makaratasi ya Oxford hayakumtoa kwenye dini, na kilemba hakikumzuia kuingia Oxford.

Milango iliyopo

Milango ni mingi kuliko tunavyodhani, na kila mmoja una masharti yake. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, kimesomesha Watanzania wengi kwa ufadhili kamili, ikiwemo malazi, posho na tiketi. Hutazama umri, na kwa shahada ya kwanza kiwango kilichozoeleka ni kutozidi miaka 25. Hutaka pia vyeti vya shule, cheti cha tabia njema, cheti cha afya na tazkiya. Kwa muda mrefu kimekuwa chuo cha wanaume, hivyo mabinti zetu tuwatazamie milango mingine.

Serikali ya Uturuki ina mpango wa Türkiye Bursları, ulioanza mwaka 2012 na uliowazi kwa wake kwa waume. Maombi hufanyika kwa intaneti bila ada, kwa kawaida kuanzia Januari hadi Februari. Mwombaji wa shahada ya kwanza anatakiwa awe chini ya miaka 21 na ufaulu usiopungua asilimia 70, na kwa udaktari wa binadamu asilimia 90. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza Kituruki. Tazama hesabu ya umri hapo: kijana aliyekaa nyumbani miaka miwili baada ya kidato cha sita akingojea bahati, mlango huu unaweza kuwa umeshamfungikia.

Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kusomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama wake, na Tanzania ni mojawapo ya nchi hizo. Mpango huo ulijengwa kwa misingi ya karadha hasan: mhitimu akipata kazi hurejesha bila riba, ili fedha hizo zisomeshe wengine. Zaidi ya hapo, Wizara ya Elimu, ambayo sasa iko hapa hapa Dodoma, hutangaza nafasi zinazotolewa na serikali za nje kama China na Hungary. Tangazo la Wizara halimuulizi mtu anaswali msikiti gani. Tuyasome.

Yusuf na wadhamini wake

Baada ya vyeti hubaki barua ya maombi, na hapa vijana wetu hukosea kwa unyenyekevu usio mahali pake. Nabii Yusuf (a.s.) alipotoka gerezani na kusimama mbele ya mfalme wa Misri, aliomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za nchi, na akataja sifa mbili zinazohusu kazi ile: kwamba ni mlinzi mwaminifu na ni mjuzi (Surat Yusuf, aya ya 55). Hakuomba ahurumiwe kwa miaka ya jela. Alieleza anachokiweza na kwa nini nchi inakihitaji.

Barua ya kijana wetu nayo iwe hivyo. Asiandike kurasa mbili za kueleza umaskini wa kwao na kwamba tangu utotoni alipenda kusoma. Aandike jambo analolijua. Mathalani, anayetaka kusoma elimu ya maji aeleze kwamba anatoka nyanda kame zenye msimu mmoja wa mvua, kwamba mji wa Dodoma kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora, na kwamba anataka kujua namna maji ya chini ya ardhi yanavyopatikana na kutunzwa. Hapo msomaji anamwona mtu, na anauona mrejeo wake nyumbani.

Kuhusu barua za wadhamini, tukumbuke kisa kilichopokewa kutoka kwa Umar bin al-Khattab (r.a.). Mtu alipodai anamfahamu mwenzake, Umar alimuuliza kama ni jirani yake, kama amefanya naye muamala wa fedha, na kama amesafiri naye. Alipojibu hapana kwa yote, Umar alimwambia kwamba humjui. Basi tazkiya inayoandikwa kwa kuombwa na mjomba, na mwandishi hajawahi kukaa na kijana huyo, ni ushahidi gani? Na hapa ndipo tunapolirudia lile lalamiko la kujuana. Surat Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Kiongozi wa taasisi anayepokea tangazo la nafasi za masomo akalitia mfukoni mpaka mtoto wake akamilishe fomu, ameila amana ya umma. Tangazo libandikwe msikitini na lisomwe baada ya sala ya Ijumaa, Dodoma mjini na Haneti pia.

Matapeli na nakala

Wanaouza nafasi wamezidi, hasa kwenye simu. Kanuni ni nyepesi. Mfadhili wa kweli anatoa fedha, hivyo anayeitaka ya kwako kwanza ili "akuhifadhie nafasi", muogope. Kila tangazo lithibitishwe kwenye tovuti ya chuo chenyewe, ubalozini, Wizarani au TCU.

Na kila karatasi iwe na nakala nyumbani. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 15, 2023, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa wakisoma Sudan walilazimika kuondoka, na kundi kubwa likarejeshwa nyumbani mwishoni mwa mwezi ule. Katika hali kama hiyo, mwenye nakala ya matokeo ya kila mwaka ana pa kuanzia kwenye chuo kingine. Asiye nayo hutegemea ofisi ambayo huenda imeungua.

Wajibu wetu

Tukitoa wito, tutoe na njia. Kila msikiti uteue mtu mmoja mwenye kujua kutumia kompyuta, aandike orodha ya vijana wa kidato cha pili hadi cha sita, wa kiume na wa kike, na mbele ya kila jina aweke alama: cheti cha kuzaliwa, majina kulingana, NIDA, pasipoti. Palipo pengo, kamati itafute fedha. Wanazuoni wengi wameruhusu mtafuta elimu asiye na uwezo apewe katika zaka, na sadaka mlango wake ni mpana zaidi. Tumezoea kuchangishana kwa ajili ya mabati na mazulia, na hilo ni jema. Lakini pasipoti ya binti mmoja wa Haneti anayekwenda kusomea udaktari nayo ni katika ujenzi wa msikiti.

Nafasi za mwakani zitatangazwa kama kawaida. Aliyeanza leo kutafuta cheti chake atakuwa tayari, na baada ya hapo atasema kwa haki kwamba amefunga ngamia wake, na sasa anamtegemea Mola wake.

Wabillahi tawfiiq.