Uajiri Unaojali Mazingira na Utendaji Kazi katika Vyuo Vikuu

Chuo kikuu hutumia umeme, maji, karatasi na kemikali kwa wingi, na vitu hivyo vyote hupitia mikononi mwa watumishi wake. Mwaka 1990 wakuu wa vyuo vikuu waliokutana Talloires, Ufaransa, walitoa azimio la kuvitaka vyuo viwe mfano wa utunzaji wa mazingira. Tangu hapo limezuka swali: je, utunzaji huo waweza kuanza siku mtumishi anapoajiriwa, na je, kazi yake itakuwa bora zaidi?

Uajiri unaojali mazingira una sura mbili. Ya kwanza ni njia zake: maombi hupokelewa kwa intaneti, na usaili hufanywa bila waombaji kusafiri. Sura hii ni nyepesi, tena ina walakini. Mwombaji hodari asiye na intaneti huachwa nje, na shehena ya karatasi iliyookolewa haiwezi kuifidia hasara hiyo. Sura ya pili ndiyo yenye uzito, nayo ni kumpima mwombaji kwa maarifa ya mazingira yanayohusu kazi yenyewe.

Mathalani, anatafutwa fundi sanifu wa maabara ya kemia. Humo mna kabati la kuondolea mvuke wa sumu, lenye feni na mlango wa kioo unaopandishwa na kushushwa. Feni hunyonya hewa ya chumba na kuitoa nje. Hewa nyingine huingia badala yake, nayo hupozwa au kupashwa moto upya kwa mashine. Katika makabati ambayo mkondo wa hewa hupungua kioo kinaposhushwa, kukishusha huokoa nishati nyingi. Katika yale ambayo mkondo haubadiliki, kioo humkinga mtumiaji lakini umeme haupungui. Fundi ajuaye tofauti hiyo hutambulika akisimamishwa mbele ya kabati. Kumwuliza kama anayapenda mazingira ni kazi bure; hakuna mwombaji atakayejibu la.

Hata hivyo, ujuzi peke yake hautoshi. Eileen Appelbaum na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 2000, walieleza kuwa utendaji hutegemea mambo matatu: uwezo, ari na nafasi ya kutenda. Usaili huleta hasa uwezo. Ari aghalabu huchochewa baadaye: Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kiliendesha mashindano baina ya maabara zake ya kufunga vioo vya makabati. Na pale ambapo kabati ni bovu, fundi huyo hana nafasi ya kuonyesha alichonacho.

Tafiti nyingi juu ya jambo hili hutegemea hojaji zinazojazwa na watumishi wenyewe, mara moja tu. Hapo pana mtego. Aridhikaye na mwajiri wake huelekea kuusifu uajiri na kuisifu kazi yake pia, na mambo mawili yakaonekana kuandamana bila moja kuwa chanzo cha jingine. Kipimo cha haki zaidi ni kusoma mita ya umeme ya maabara kwa miezi kadhaa kabla na baada ya fundi mpya kuingia, kuilinganisha na maabara isiyobadilisha mtumishi, na papo hapo kuhesabu ni vipindi vingapi vilianza vifaa vikiwa tayari.