Somo la Vikundi: Mwenye Kalamu na Mwenye Jembe Wakati wa Maandamano

Lengo la somo: Kutazama chuki iliyoko kati ya watu wa kazi za mikono na watu wa kazi za ofisini, kujua inatoka wapi, na kupatana tutakavyoishi nayo ndani ya kikundi.

Muda: Saa mbili.

Vitu vinavyohitajika: Karatasi kubwa na kalamu (kama hakuna, mkaa na kipande cha mbao), na gorogoro moja ya mahindi makavu.



Leo tumechagua jambo ambalo watu hulisema njiani, lakini mkutanoni wanalinyamazia. Siku za kawaida chuki hii imelala kama moto chini ya majivu. Maandamano yakija, upepo unavuma na majivu yanaondoka.

TULIKOTOA SOMO HILI

Katikati ya mwaka 2024 tulitembelea kikundi kimoja hapa upande wa Kamukuywa. Kina akina mama wa soko, vijana wa boda boda, wakulima, vibarua, na walimu wawili waliostaafu. Walikuwa wameweka akiba kidogo kidogo ili wanunue ng'ombe wa maziwa. Sisi tulifikiri tunaenda kuzungumza habari za ng'ombe. Tulipofika tukakuta watu wamekaa pande mbili.

Mama mmoja alisema juma lile malori ya kutoka Nairobi hayakuja, na kreti zake sita za nyanya zimeoza. Mwalimu mmoja akamwambia avumilie, kwa sababu binti yake ambaye ni karani huko Nairobi alikuwa barabarani akipigwa na moshi wa machozi "kwa ajili yenu nyinyi." Kijana wa boda akasimama. "Kwa ajili yetu? Nani alituuliza? Mwaka 2023 wenzetu walipopigwa risasi Kibera na Kisumu, nyinyi wa ofisi mlisema ni wahuni. Mwaka huu wamepigwa watoto wenu, sasa ni mashujaa." Mwalimu naye hakukaa kimya: "Nyinyi ndio mnauza kura kwa pakiti ya sukari, halafu mnalia!"

Siku ile wanachama wawili walidai warudishiwe pesa zao. Miaka miwili ya akiba ilikuwa karibu kumwagika kwa saa moja.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani tuliulizana, je, ugomvi huu umetoka Nairobi kweli? Ndipo tukakumbuka mambo ambayo macho yetu yaliona lakini hatukuyatilia maanani. Sisi wageni na wale walimu tulipewa viti, wengine wote walikaa nyasini. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, na watu watatu tu ndio walioweza kukisoma. Sisi wenyewe tulikalia vile viti, tukanywa soda, wala hatukuuliza. Maandamano hayakuleta chuki hii. Yaliikuta hapo hapo imekaa.

HATUA YA KWANZA: IGIZO (dakika 10)

Watu wawili waigize. Mmoja ni kijana wa boda boda. Mwingine ni dada yake wa ukoo, anayefanya kazi ya ofisi Nairobi. Ni mwezi wa Julai mwaka 2025, na dada ameshuka gari hapa stendi.

BODA: Karibu nyumbani, dada. Leo nitakubeba kwa mia mbili.

DADA: Mia mbili! Kutoka hapa mpaka kwa senge si ni hamsini?

BODA: Juma zima sikubeba mtu kwa sababu ya maandamano yenu. Wewe mshahara umeingia, hata siku ambazo hukufika kazini.

DADA: Mshahara upi? Ukiona ile karatasi utalia. Kodi ya mapato, pesa za nyumba, za hospitali, za uzeeni, mkopo wa masomo. Kinachobaki si ndicho ninachotuma huku? Karo, matanga, dawa ya kukhu.

BODA: Sisi hatuna hata hiyo karatasi. Mvua ikinyesha hatuli.

DADA: Ndiyo maana tuliingia barabarani.

BODA: Ulinipigia simu ukaniuliza?

(Dada ananyamaza.)

DADA: Na wale waliotuchapa viboko wakiwa juu ya pikipiki, walikuwa akina nani?

(Boda ananyamaza.)

SAUTI YA KUKHU: Mbona mnasimama juani? Chai inapoa!

Waigizaji wasimalize ugomvi. Waache hapo hapo, wanachama wajadiliane:

1. Mmeona nini katika igizo hili? Ni nani alisema kweli?
2. Kwa nini kila mmoja alinyamaza mara moja?
3. Mambo haya yako hapa kwetu? Tupeni mfano bila kutaja jina la mtu.

HATUA YA PILI: TUKUMBUKE YALIYOPITA

Mwongozaji asome polepole, akisimama ili watu waulize.

Mwaka 1990. Mwezi wa Mei, vibanda vya mtaa wa Muoroto, Nairobi, vilibomolewa, na wachuuzi na maskini wengi wakabaki nje. Wakati huo huo Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowahi kuwa mawaziri, walikuwa wakidai vyama vingi. Waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji tarehe 7 Julai, siku tunayoiita Saba Saba. Kabla ya siku kufika walikamatwa wakawekwa kizuizini. Watu walikwenda hata hivyo. Waliojaa barabarani wengi walikuwa makondakta, wachuuzi, vijana wasio na kazi. Watu wapatao 20 au zaidi walikufa, na mamia wakatiwa ndani. Mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A kikaondolewa, vyama vingi vikarudi. Majina ya mawakili na wanasiasa wa wakati ule tunayajua. Je, kuna anayejua jina la mchuuzi hata mmoja aliyekufa Saba Saba? Hapa ndipo mtu wa kazi ya mikono anaposema, "Sisi ni kuni, wao ndio wanaokula chakula."

Mwaka 2023. Upinzani uliita maandamano mwezi wa Machi na tena Julai kwa sababu ya gharama ya maisha. Vurugu nyingi zilikuwa mitaa ya maskini ya Nairobi na Kisumu. Watu wengi wa ofisi walikaa nyumbani wakisema ni siasa za Raila. Wengine waliona hasara tu ya biashara.

Mwaka 2024. Mswada wa Fedha ulitaka kutoza mkate VAT ya asilimia 16, na magari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, pamoja na ushuru wa mafuta ya kupikia. Mkate na magari yaliondolewa tarehe 18 Juni, siku ile ile maandamano yalipoanza Nairobi, lakini hasira haikutulia. Safari hii walioanza walikuwa vijana wengi waliosoma. Madaktari walijitolea kutibu majeruhi. Mawakili walienda vituo vya polisi kuwatoa waliokamatwa bila kuwadai pesa. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto alisema hatautia sahihi mswada huo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliokufa katika maandamano ya miezi ile.

Mwaka 2025. Tarehe 17 Juni, Nairobi, wanaume waliopanda pikipiki wakiwa na viboko na rungu waliwapiga waandamanaji. Siku hiyo hiyo kijana mchuuzi wa barakoa, aliyekuwa akitafuta riziki yake tu, alipigwa risasi kichwani na polisi, na baadaye akafa hospitalini. Tarehe 25 Juni maduka mengi yaliporwa, na wenye biashara ndogo wakapoteza mali ya miaka mingi. Tangu hapo wengine wanamwita kila mwendesha boda mhuni wa kukodishwa. Nao vijana wa boda wanauliza ni wangapi kati yao waliofanya hivyo, na kwa nini wote wachafuliwe.

Tusisahau pia mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56. Madaktari walisema serikali ilivunja mapatano ya mwaka 2017, na kwamba inataka kuwalipa wanaoanza kazi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000. Kibarua wa mahindi alisikia hizo 70,000 akashangaa, mtu anazikataaje? Wakati huo mwenye pesa alikwenda hospitali ya kulipia. Asiye nazo alirudi nyumbani na mgonjwa wake. Madai ya daktari yalikuwa ya haki. Uchungu wa yule mama aliyerudishwa getini nao ulikuwa wa haki.

HATUA YA TATU: NANI ANALIPA KODI? (dakika 30)

Wasomi wengi husema, "Sisi ndio tunaobeba nchi hii kwa kodi." Watu wa kazi za mikono nao wengi huamini kwamba hawalipi kodi, kwa hivyo hawana la kuuliza. Tujaribu.

Kila mwanachama achukue punje 20 za mahindi. Mwongozaji ataje kitu, na aliyekinunua juma hili aweke punje moja katikati: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, petroli au nauli, airtime, ada ya kutuma pesa kwa simu. Vyote hivi vina kodi ndani ya bei. Petroli ilipandishiwa VAT kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi wa Julai 2023, na mwaka huo huo ushuru wa ada za kutuma pesa kwa simu ukawa asilimia 15. Sasa wenye mshahara waongeze punje za makato: kodi ya mapato, asilimia 1.5 ya nyumba, na asilimia 2.75 ya afya iliyoanza Oktoba 2024.

Tazameni rundo. Punje za nani ziko ndani? Za kila mtu. Tofauti ni kwamba mwenye mshahara huonyeshwa makato yake kwenye karatasi, lakini mama mboga hukatwa kimya kimya dukani. Halafu mwongozaji aulize, baada ya kutoa hizo punje, nani amebakiwa na nyingi mkononi na nani amebakiwa na chache? Hapo mtaona kwamba wote wanaumia, lakini hawaumii sawa. Asiyekubali jambo la kwanza analeta chuki. Asiyekubali la pili anaiongeza.

Wazee wetu wa Webuye wanaweza kutufundisha. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilianza kazi mwaka 1974. Kilipofungwa mwaka 2009, mhasibu na mpakiaji wa magogo walipoteza kazi siku moja. Mhasibu alikuwa na vyeti vya kumpeleka mahali pengine. Mpakiaji alibaki na mikono yake, na hata duka alilokopa unga lilifunga. Hasara ilikuwa moja, lakini njia za kutoka hazikuwa sawa.

HATUA YA NNE: KILA UPANDE NA KOSA LAKE

Tuseme ukweli bila kuoneana haya.

Mtu wa ofisi hukosea anaposema kwa niaba ya mtu ambaye hakumuuliza. Hukosea anapomwita mwenzake mhuni mpaka siku ambayo moshi unamfikia yeye. Hukosea pia anapoitisha siku ya kufunga kazi, akisahau kwamba kuna mtu ambaye asipofanya kazi leo, leo hiyo hiyo watoto watalala njaa.

Mtu wa kazi ya mikono hukosea anapofikiri mwenye tai hana shida. Hukosea anapofurahi msomi akipigwa. Hukosea zaidi anapokubali kukodishwa kumpiga mtu wa jirani yake. Aliyekukodisha asubuhi, jioni hakujui, na kesho bei ya petroli ni ile ile kwako na kwa uliyempiga.

Na walio juu wanapenda tuendelee hivi. Ndugu wakigombana juu ya nani anaumia zaidi, hakuna anayebaki na nafasi ya kuuliza pesa zimekwenda wapi.

HATUA YA TANO: TUFANYE NINI?

Tutawaambia kile kikundi chetu kilifanya. Tulirudi baada ya majuma matatu. Mama mmoja mzee sana, ambaye hakuwa amesema lolote siku ya kwanza, aliuliza: "Huyo karani wa Nairobi ni wa nani? Huyu wa pikipiki ni wa nani? Mimi niliwashika wote wawili siku waliyozaliwa." Watu walicheka, kisha wakaanza kusikilizana. Walipatana hivi:

1. Kukaa. Wote viti au wote nyasi, hata mgeni akija. Sisi tulikuwa wa kwanza kukaa chini.

2. Kitabu cha hesabu kiandikwe kwa Kiswahili na kisomwe kwa sauti kila mkutano, na anayetaka aelezwe kwa Lubukusu.

3. Kabla ya siku ya maandamano, wenye watoto mijini wapige simu waulize hali. Mama wa nyanya ajulishwe mapema ili asivune. Mwalimu alikubali mwenyewe kufanya kazi hii.

4. Kikundi kiweke mfuko mdogo wa dharura. Mwanachama asiyeweza kufanya kazi kwa sababu njia zimefungwa akope bila riba.

5. Wasiongoje Juni. Makadirio ya bajeti, ya taifa na ya kaunti, hupelekwa kwenye mabunge kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Waliosoma wasome makaratasi na kueleza wenzao. Wa soko na wa boda waseme yanawagusa vipi. Kisha waende pamoja kwenye mkutano wa wadi. Katiba, kifungu cha 37, inaruhusu pia kuandamana kwa amani bila silaha. Atakayekwenda aende kwa hiari yake, na atakayebaki asiitwe msaliti.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalinyooka. Ng'ombe alinunuliwa mwezi wa Machi 2025, na sasa maziwa yake yanauzwa hapo hapo sokoni. Kati ya wale wawili waliotoka, mmoja alirudi. Mwingine mpaka leo hajarudi. Tunamsalimia njiani, naye anaitika, na nafasi yake haijapewa mtu.

MASWALI YA KWENDA NAYO NYUMBANI

1. Katika kikundi chetu, nani hukaa kitini na nani nyasini? Nani husema sana, na nani hajawahi kuulizwa?
2. Ni neno gani tunalolitumia kuwadharau wasomi? Ni lipi tunalolitumia kuwadharau vibarua? Tuko tayari kuyaacha?
3. Maandamano yakiitwa juma lijalo, nani katika kikundi ataumia kwanza, na tumemwandalia nini?

Andikeni majibu yenu kwa ufupi, mtu mmoja ayalete kwenye mkutano wa viongozi wa vikundi. Msiandike mazuri tu. Hata mkigombana, tuelezeni. Mkono mmoja haulei mwana, na kikundi kisichoweza kugombana na kubaki pamoja bado hakijawa kikundi.